Namna ya Kupima Bakteria wa Wolbachia katika Wadudu wa Mazingira ya Shule kwa Kutumia DNA

Mbu anayewasumbua watu usiku katika miji ya pwani, yule anayezaliana kwenye mashimo ya vyoo na mitaro ya maji machafu, huitwa kitaalamu Culex quinquefasciatus, na ndani ya seli zake, hasa katika ovari za jike, mara nyingi mno huishi bakteria aitwaye Wolbachia. Bakteria huyo hamfanyi mbu aonekane mgonjwa, na hawezi kuoteshwa kwenye sahani ya maabara kama wengine wanaofundishwa darasani, kwa sababu huishi ndani ya seli za kiumbe mwingine tu. Kwa mwanafunzi, njia ya kumtambua ni kutafuta DNA yake. Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo tangu kumkamata mdudu hadi kusoma jibu, na umeandikwa kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa kidato cha tano na sita au wa vyuo, ambao wanaweza kupata mashine ya PCR, yaani ile inayonakili kipande kimoja cha DNA mara nyingi sana, kwa siku moja au mbili, hata kama ni ya kuazima.

Zoezi hili si jipya. Mradi wa kuwafundisha wanafunzi kutafuta Wolbachia katika wadudu waliowakamata wenyewe ulianzia Marekani, katika kituo cha utafiti wa baharini cha Woods Hole, jimbo la Massachusetts, chini ya Seth Bordenstein, na hatua zake za msingi sasa hutumiwa na madarasa mengi nje ya nchi hiyo. Hatua nilizoziandika hapa zinafuata mkondo huo, ila nimechagua wadudu na kemikali zinazopatikana kwetu kwa urahisi zaidi.

Jambo moja nitalirudia mara kadhaa, kwa sababu ndilo linaloharibu kazi nyingi za wanafunzi: katika upimaji huu jibu la "ndiyo" ni rahisi kulithibitisha, bali jibu la "hapana" ni gumu. Jibu husomwa kama mstari wa DNA kwenye jeli; mstari usipoonekana, huenda mdudu hana bakteria, na huenda pia DNA haikutoka, au kemikali imeharibika, au mtu amesahau kuweka praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha mahali pa kuanzia kunakili. Zaidi ya nusu ya kazi iliyoelezwa hapa ipo ili kutenganisha hali hizo.

Bakteria mwenyewe

Wolbachia alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1924, pale Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach, waliokuwa Chuo Kikuu cha Harvard, walipochunguza tishu za mbu Culex pipiens, ndugu wa karibu wa mbu wetu wa vyooni. Mwaka 1936 Hertig akampa jina la Wolbachia pipientis kwa heshima ya mwenzake. Kwa miongo kadhaa hakuna aliyemjali sana. Mwaka 1967 Hannes Laven alifanikiwa kuwamaliza mbu aina ya Culex katika kijiji cha Okpo nchini Burma kwa kuachilia madume ambao mbegu zao hazikupatana na mayai ya majike wa pale, lakini sababu ya kutopatana huko ilikuja kueleweka mwaka 1971 tu, Yen na Barr walipoonyesha kwamba aliyehusika ni Wolbachia.

Neno "maambukizi" katika habari hii linaweza kumpotosha msomaji, maana Wolbachia kwa kawaida haenezwi kwa kugusana wala kwa kuuma. Hurithiwa: mama humpitisha kwa watoto kupitia saitoplazimu ya yai. Dume aliyenaye hana njia ya kumrithisha, kwa hiyo kwa bakteria huyu dume ni mwisho wa safari, na hapo ndipo hila zake zote zinapoanzia. Katika baadhi ya wadudu huwafanya majike wazae bila dume, na katika wengine huwageuza madume kuwa majike. Kipepeo Acraea encedon wa Afrika ni mfano wa hila ya tatu: nchini Uganda watafiti walikuta makundi ambamo karibu vipepeo wote ni majike, kwa sababu Wolbachia huwaua watoto wa kiume wakiwa bado kwenye yai. Hila ya nne ndiyo ile ya Okpo, yaani kutopatana kwa saitoplazimu, ambapo dume mwenye bakteria akimpanda jike asiye naye, mayai hayaanguliwi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Mbu huyo huyo wa vyooni ndiye mmoja wa waenezaji wa matende katika pwani yetu, na minyoo wa matende, pamoja na minyoo wanaosababisha upofu wa mtoni, nao wana Wolbachia wao, ambao bila wao hushindwa kuzaa vizuri; ndiyo maana dawa ya doksisaikilini, inayoua bakteria, huweza kutumika dhidi ya minyoo hao. Katika mji wa Yogyakarta, Indonesia, matokeo ya jaribio kubwa yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba mahali walipoachiliwa mbu aina ya Aedes aegypti waliopandikizwa Wolbachia, homa ya dengi ilipungua kwa asilimia 77. Wolbachia hajulikani kumwambukiza binadamu, kwa hiyo mwanafunzi hana haja ya kumwogopa bakteria huyu. Wa kuogopwa ni baadhi ya wadudu wanaombeba.

Kuchagua wadudu

Makadirio ya watafiti kuhusu sehemu ya spishi za wadudu zenye Wolbachia hutofautiana, kuanzia asilimia 40 hivi hadi zaidi ya 60. Maana yake ni kwamba darasa likiokota spishi kumi tofauti kwenye uwanja wa shule, lina uwezekano mzuri wa kukuta zaidi ya moja yenye bakteria. Hata hivyo ninashauri msiokote ovyo. Chagueni spishi mbili au tatu, mkusanye wadudu kadhaa wa kila moja, kisha muongeze wachache wa kubahatisha kwa ajili ya furaha ya kutojua kinachokuja.

Mbu wa vyooni ni chaguo la kwanza, kwa kuwa watatumika pia kama sampuli za ulinganishi chanya, yaani zile zinazojulikana kuwa na bakteria. Msiwakamate wakiwa wazima wanaoruka na kuuma. Chota viluwiluwi kwa kikombe chenye mpini mrefu kutoka kwenye mtaro, ukiwa umevaa glavu. Viluwiluwi wa Culex huning'inia kichwa chini, mwili ukiwa mshazari na mrija mrefu wa kupumulia ukigusa uso wa maji, tofauti na wale wa Anopheles ambao hulala sambamba na uso wa maji. Waweke kwenye ndoo yenye maji kidogo, ufunike kwa kipande cha chandarua kilichofungwa kwa mpira, na usubiri wawe pupa kisha mbu kamili. Ndoo ikikaa wazi usiku mmoja, bweni zima litakuwa limeshiriki zoezi.

Aedes aegypti, mwenye miguu ya madoadoa meupe, ambaye viluwiluwi wake hupatikana kwenye matairi, vifuu na makopo yenye maji safi ya mvua, kwa kawaida hana Wolbachia porini, kwa hiyo anafaa kuwa ulinganishi hasi, yaani sampuli inayojulikana kutokuwa na bakteria. Katika ghala na jikoni kuna hazina nyingine: mdudu mwekundu wa unga aitwaye Tribolium confusum anajulikana kuwa na Wolbachia, wakati ndugu yake Tribolium castaneum, anayefanana naye sana, mara nyingi hana. Kuwatofautisha kunahitaji lenzi na subira, kwani tofauti iko kwenye papasi: za castaneum huishia kwa vipingili vitatu vilivyonenepa ghafla kama rungu, na za confusum hunenepa polepole kuelekea nchani. Kunguni naye ana Wolbachia anayemtengenezea vitamini za kundi B zinazokosekana kwenye damu, ila sitamlaumu mwalimu atakayekataa kumleta darasani.

Buibui, vunjajungu na wadudu wengine wala nyama wana tatizo lao. Tumbo la buibui aliyemla inzi mwenye Wolbachia litatoa DNA ya Wolbachia hata kama buibui mwenyewe hana. Ukiwataka, wafungie bila chakula siku chache kabla ya kuwahifadhi. Nyuki, nyigu na siafu waachwe kwa wanaojua kuwashika. Kwa yeyote anayetaka kukusanya ndani ya hifadhi za taifa au za misitu, au kutuma sampuli nje ya nchi, kuna taratibu za vibali, na maswali hayo yaulizwe kabla ya wavu kutoka stoo.

Kuhifadhi na kuandika

Mdudu akishakamatwa, awekwe kwenye friza kwa saa moja ili afe bila kupondeka, kisha atumbukizwe kwenye ethanoli ya asilimia 95. Ethanoli ya asilimia 70, inayotumika hospitalini, inafaa kwa siku chache, lakini maji yaliyomo huruhusu DNA ivunjike polepole. Spiriti iliyotiwa rangi isitumike ikiwa kuna namna nyingine. Fomalini isitumike kabisa, kwa sababu huifunga DNA kwa namna ambayo PCR haitaweza kuisoma. Nimewahi kuona mkusanyiko mzuri wa vipepeo wa miaka miwili ukikosa matumizi kwa ajili ya chupa moja ya fomalini.

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ngumu na itumbukizwe ndani ya tyubu pamoja na mdudu. Wino wa kalamu huyeyuka katika ethanoli, na maandishi ya nje hufutika kwa vidole vilivyolowa. Lebo iwe na namba ya sampuli, mahali, tarehe na jina la aliyekamata. Katika daftari, kila namba iongezewe picha ya mdudu iliyopigwa kwa simu kabla hajakatwa, jina la spishi au angalau la jamii yake, na jinsia. Jinsia ni ya lazima kila inapowezekana kujulikana, kwa sababu kama mlivyoona kwa Acraea, uwiano wa majike na madume unaweza kuwa ndio habari yenyewe. Kwa mbu ni rahisi: papasi za dume zina manyoya mengi kama unyoya wa ndege, na za jike ni nyembamba.

Kutoa DNA

Zipo seti za kibiashara za kutenga DNA iliyo safi sana, nazo ni nzuri kwa shule yenye fedha. Njia ninayoipendekeza hapa hutumia sodiamu hidroksaidi na joto, na inatosha kabisa kwa zoezi hili.

Tengeneza kimiminika cha kwanza kwa kuyeyusha gramu 1 ya sodiamu hidroksaidi katika lita 1 ya maji yaliyotoneshwa, ambayo hutoa ukolezi wa milimola 25 kwa lita. Ukiwa na EDTA ya disodiamu ongeza gramu 0.074. Kimiminika cha pili ni gramu 6.3 za Tris-HCl katika lita 1 ya maji, bila kurekebisha pH. Sodiamu hidroksaidi kavu huunguza ngozi na macho, kwa hiyo apimaye avae miwani na glavu.

Mtoe mdudu kwenye ethanoli, umlaze juu ya karatasi safi ya kunyonya maji, na umwache akauke kabisa kwa dakika kumi au zaidi, kwa sababu ethanoli iliyobaki huzuia PCR. Kwa kibano na wembe vilivyosafishwa kwa dawa ya kung'arisha nguo, ile ambayo wengi tunaiita jiki, iliyochanganywa sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji na kisha kusuuzwa kwa maji safi, kata tumbo na uliweke kwenye tyubu ndogo. Tumbo ndimo zilimo ovari na korodani, ambako Wolbachia hukaa kwa wingi. Kichwa kiachwe, kwani rangi ya macho ya wadudu ni kizuizi kinachojulikana cha PCR. Mdudu aliye mdogo kama sisimizi anaweza kutumika mzima, na kwa panzi au mende mkubwa chukua kipande kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele. Wanafunzi hupenda kujaza tyubu wakidhani nyama nyingi huleta DNA nyingi. Huleta uchafu mwingi pia, na uchafu ndio unaoshinda.

Ongeza mikrolita 50 za kimiminika cha kwanza, ponda kwa ncha safi ya plastiki, funga, na upashe joto la nyuzi 95 za Selsiasi kwa dakika 30. Mashine ya PCR yenyewe inaweza kuifanya kazi hii. Anayetumia maji ya moto katika sufuria akumbuke mwinuko wa mahali alipo: Dar es Salaam au Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini Nairobi, ambako mwinuko unapita mita 1,600, huchemka karibu na nyuzi 94 au 95, kwa hiyo maji yanayotokota kidogo ndiyo hasa unayoyataka, wakati kule pwani itakulazimu kusimamia moto na kipimajoto. Baada ya hapo poza tyubu, ongeza mikrolita 50 za kimiminika cha pili, tikisa polepole, na uache mabaki yatuame au uyazungushe kwenye sentrifuji kwa dakika moja. DNA iko kwenye maji ya juu. Yatumie siku hiyo hiyo ikiwezekana, au yagandishe kwa wiki chache tu, kwa kuwa DNA iliyotolewa hivi haidumu.

Pamoja na wadudu, andaa tyubu moja isiyo na mdudu ambayo itapitia hatua zote hizi, ikipewa vimiminika vile vile na kupondwa kwa ncha ya aina ile ile. Hiyo itawaambia kama uchafu wa DNA umeingia wakati wa kutoa.

PCR

Kila mdudu hupimwa mara mbili, katika tyubu mbili tofauti. Tyubu ya kwanza hutafuta jeni ya 16S ya Wolbachia kwa praima mbili: ya mbele CATACCTATTCGAAGGGATAG na ya nyuma AGCTTCGAGTGAAACCAATTC, ambazo hutoa kipande cha jozi 438 za besi. Tyubu ya pili hutafuta jeni ya COI iliyo katika mitokondria ya mdudu mwenyewe, kwa praima GGTCAACAAATCATAAAGATATTGG na TAAACTTCAGGGTGACCAAAAAATCA, zinazotoa kipande cha takriban jozi 700 za besi. Kila mdudu ana mitokondria. Kwa hiyo tyubu ya COI ndiyo shahidi kwamba DNA ilitoka na PCR ilifanya kazi, na bila shahidi huyo jibu la "hapana" la Wolbachia halina thamani.

Kila tyubu ya PCR huwa na mikrolita 25: mikrolita 12.5 za mchanganyiko tayari wenye polimerasi, nyukleotidi na magnesi, mikrolita 1 ya kila praima yenye ukolezi wa mikromola 10 kwa lita, mikrolita 8.5 za maji safi, na mikrolita 2 za DNA. Usipime hivi kwa tyubu moja moja. Tuseme mna wadudu 8 na sampuli 4 za ulinganishi, jumla 12. Tengenezeni mchanganyiko wa tyubu 13, ili upungufu wa pipeti usiwaumbue kwenye tyubu ya mwisho, yaani mikrolita 162.5 za mchanganyiko tayari, 13 za praima ya kwanza, 13 za praima ya pili na 110.5 za maji, kisha mgawe mikrolita 23 kwa kila tyubu na kuongeza DNA mwishoni. Fanyeni hivyo mara moja kwa praima za Wolbachia na mara nyingine kwa praima za COI.

Sampuli nne za ulinganishi ni hizi: DNA ya mdudu ambaye mna hakika ana Wolbachia, DNA ya mdudu ambaye hana, ile tyubu ya kutolea isiyo na mdudu, na maji matupu yaliyowekwa mahali pa DNA. Hakika ya mbu mmoja wa Culex haiwezi kuwa kamili mara ya kwanza, kwa hiyo tumieni mchanganyiko wa matumbo ya majike watano, na mkishapata mstari mzuri hifadhini DNA hiyo kwenye friza, iwe ulinganishi wa madarasa yajayo. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini mnapoteza kemikali za bei kwa kupima maji ana swali zuri, na jibu lake atalipata siku ambayo maji yatatoa mstari.

Mashine ipangwe hivi: nyuzi 94 kwa dakika 2, kisha mizunguko 30, kila mmoja ukiwa na nyuzi 94 kwa sekunde 30, nyuzi 49 kwa sekunde 45 na nyuzi 72 kwa dakika 1, mwisho nyuzi 72 kwa dakika 10. Katika joto la kwanza nyuzi mbili za DNA huachana, katika la pili praima hushika mahali pake, na katika la tatu polimerasi hujenga nakala. Kwa kuwa kila mzunguko huweza kuongeza nakala maradufu, mizunguko 30 inaweza, kinadharia, kukifanya kipande kimoja kuwa zaidi ya bilioni moja.

Hesabu hiyo ndiyo pia chanzo cha hatari kubwa ya maabara hii. Tone lisiloonekana kutoka kwenye tyubu iliyokwisha kupita mashineni lina nakala nyingi kuliko mdudu mzima, nalo likidondokea meza ya kuandalia PCR mpya, kila sampuli itakuwa "na Wolbachia" kuanzia siku hiyo. Tengeni meza mbili, ikiwezekana vyumba viwili: kimoja cha kuandaa, kingine cha kufungulia tyubu zilizotoka mashineni. Pipeti za chumba cha pili zisirudi kamwe katika cha kwanza. Hata koti la maabara lisirudi.

Jeli

Yeyusha gramu 0.75 za agarosi katika mililita 50 za bafa ya TAE, kimiminika chenye chumvi kinachopitisha umeme, iliyozimuliwa hadi ukolezi wa 1X, si katika maji. Jeli ya maji huonekana sawa kabisa hadi umeme unapowashwa. Ikipoa hadi kiasi cha kuvumilika mkononi, ongeza rangi ya kuonyeshea DNA na uimimine kwenye kibia chenye kitana. Rangi ya zamani, ethidiamu bromaidi, inaweza kuleta mabadiliko katika DNA ya anayeishika, na sioni sababu ya kuiingiza shuleni wakati SYBR Safe au GelRed zipo.

Weka mikrolita 8 za kila sampuli, zilizochanganywa na rangi nzito ya kupakilia, katika kila kishimo, na kishimo kimoja kiwe na ngazi ya DNA, yaani vipande vyenye urefu unaojulikana kwa hatua za jozi 100. Vishimo viwe upande wa waya mweusi, kwa sababu DNA ina chaji hasi na hukimbilia waya mwekundu. Volti 100 kwa dakika 40 zinatosha. Jeli itazamwe kwenye taa ya buluu kwa kioo cha rangi ya chungwa, au kwenye taa ya urujuanimno mkiwa na kinga ya macho, na picha ipigwe mara moja kabla mistari haijafifia.

Kulisoma jibu

Anzeni na sampuli za ulinganishi, kabla hata ya kumtazama mdudu mliyemtamani. Ikiwa maji yametoa mstari, kazi ya siku hiyo irudiwe kwa kemikali mpya. Hakuna namna ya kuiokoa kwa maelezo. Ikiwa tyubu ya kutolea isiyo na mdudu ina mstari lakini maji hayana, uchafu uliingia wakati wa kuponda. Ikiwa ulinganishi chanya hauna mstari wa 438, msiseme lolote kuhusu mdudu yeyote.

Ulinganishi ukiwa sawa, mdudu mwenye mistari yote miwili, ya 438 na ya 700, ana DNA ya Wolbachia. Mwenye mstari wa COI peke yake hakuonyesha Wolbachia. Asiye na mstari wowote hana jibu, na katika jedwali aandikwe hivyo hivyo, "hakuna jibu", wala asihesabiwe miongoni mwa wasio na bakteria. Kwa mdudu wa namna hii, zimueni DNA yake mara kumi na mrudie PCR. Mara nyingi vizuizi huzimuliwa pamoja nayo na mstari hujitokeza. Hali ya nne, ya mstari wa Wolbachia bila wa COI, huwashangaza wengi, lakini ina maelezo ya kawaida: praima za COI hazikubaliani na kila spishi, au DNA ya mdudu imevunjika kiasi kwamba kipande kifupi cha 438 kinanakilika na kirefu cha 700 hakinakiliki.

Hata "ndiyo" ina mpaka wake, ingawa nimesema ni rahisi. Fukusi wa jamii ya kunde aitwaye Callosobruchus chinensis ana kipande cha jenomu ya Wolbachia kilichohamia ndani ya kromosomu yake ya X, na mdudu mwingine anaweza kubeba ndani yake viluwiluwi wa nyigu kimelea wenye Wolbachia wao. Andikeni "DNA ya Wolbachia imepatikana", nanyi mtakuwa salama katika hali zote hizo.

Fedha zikiruhusu, tumeni vipande vya PCR vya sampuli chache kwenye maabara inayosoma mfuatano wa besi. Mfuatano wa COI, ukilinganishwa na hazina ya GenBank kwa programu ya BLAST ambayo ni bure mtandaoni, utawathibitishia spishi ya mdudu, na hapo baadhi ya majina mliyoandika kwa kujiamini kwenye daftari yatabadilika. Mfuatano wa 16S utathibitisha kwamba ni Wolbachia kweli. Hautatosha kutaja aina yake ndogo, kwa sababu jeni hiyo hubadilika polepole mno. Watafiti hutumia jeni tano nyingine kwa kazi hiyo.

Mwisho ni idadi. Mkipima wadudu 10 wa spishi moja na wote wakaonyesha COI bila Wolbachia, bado inawezekana, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, kwamba hadi robo ya wadudu wa spishi hiyo pale mlipokusanya wana bakteria. Mkipima 30, mpaka huo hushuka hadi karibu asilimia 10, na mkipima 3 tu, mpaka unapita asilimia 60. Kwa hiyo katika ripoti msiandike "Aedes wa shule yetu hawana Wolbachia", bali idadi iliyopimwa, jinsia, mahali na tarehe, wangapi walitoa jibu na wangapi hawakutoa. Vichwa, mabawa na miguu iliyobaki irudishwe kwenye ethanoli pamoja na lebo zake za penseli, ili atakayetilia shaka jina la mdudu namba 7 mwaka ujao awe na kitu cha kutazama.